Besi ya "Mlango wa Uani"

Mimi kwa watu sili. Uliza Bububu nzima, watakwambia: Makame wa Visima akialikwa harusi atakuja, atakaa, atatoa alichojaaliwa, na masinia yakianza kuingia ataonekana anatafuta viatu vyake. Wapo wanaosema ni kiburi cha mtu aliyepata ukubwani. Wacha waseme. Mashine za kuchimba visima ninazo, nimezinunua kwa jasho langu, mimi niliyeyaacha madarasa njiani, na hoteli nyingi za mashariki ya Unguja wageni wake wanaoga maji niliyoyatoa mimi chini ya jiwe. Mtu kama huyo hakatai pilau ya jirani kwa kujiona. Ni kinyaa. Na kinyaa changu kina mwaka wake, kina nyumba yake, kina mtu wake. Mtu huyo tulimsomea khitma mwezi uliopita katika msikiti mdogo huko Ng'ambo, ndiyo maana leo nimekaa kuandika, mimi ambaye kalamu huishika kwa kutia saini tu.

Jina lake Suleiman, sisi tukimwita Sele. Kabla ya kisomo kuanza, simu ya kijana mmoja ikalia safu ya nyuma, na mlio wake ulikuwa "Mlango wa Uani", wimbo wa Sele ambao mpaka leo harusi za mjini haziishi bila ya kupigwa. Kijana akaizima kwa haya. Watu wakatabasamu, kwani marehemu ndiye mwenye wimbo. Mimi nilichukia. Simu hizi hazina besi. Kinachotoka ni gitaa jembamba na sauti ya Sele ya puani, kama nyuki kwenye kopo, na chini yake hakuna kitu. Wimbo ule una besi, besi ile nimeitunga mimi, na kisiwa kizima kinaimba wimbo ambao nusu yake hakijapata kuisikia.

Mwaka ninaousema nilikuwa na umri wa miaka ishirini na kidogo, na nilikuwa napiga sanduku katika kidumbaki, kikundi cha taarabu ya mitaani kinachopiga harusini. Asiyelijua, sanduku ni kasha la chai lililofudikizwa na kutobolewa. Uzi mmoja unatoka tumboni mwake mpaka kwenye kijiti. Ukivuta kijiti uzi unakaza na sauti inapanda, ukilegeza inashuka. Kwa kupiga sanduku hakuna aliyenifikia mjini, nalisema hili na waliobaki hai hawatanikanusha. Sele alikuja kwenye harusi moja akasimama nyuma yangu. Wenzake wote walikuwa wanaangalia wanawake wanavyocheza, yeye anaangalia mkono wangu kwenye kijiti. Akaniambia ana bandi mpya, vyombo vya umeme, nyimbo zake mwenyewe. Mpiga ngoma anaye, Ali, ambaye kila mtu alimwita Kopo. Gitaa la besi analo pia, ila hana mtu anayejua la kufanya nalo. Bandi aliipa jina la Vijana Safi. Nikikumbuka jina hilo mpaka leo mate yananijaa mdomoni, na si mate ya hamu.

Mazoezi tulifanyia Malindi, ghorofani, katika nyumba ambayo kuta zake zilimwaga chokaa kila Kopo alipopiga ngoma kubwa. Chini yetu palikuwa na ghala la papa mkavu. Papa mkavu nimekua naye na mchuzi wake naupenda, lakini papa waliolundikana mpaka darini katika joto la Machi ni jambo jingine kabisa. Harufu ilipanda kupitia mbao za sakafu, ikaingia kwenye mashati, kwenye nywele, kwenye nyuzi za gitaa. Nilikuwa nikilala vidole vyangu vinanuka ghala. Chumba chenyewe kilikuwa na dirisha moja, na Sele hakutaka lifunguliwe, watu wasije wakaziiba nyimbo. Tukakaa humo watu wanne, tunavuja jasho, mpiga kinanda akikohoa makohozi kwenye leso yake, na mimi nikaanza kutunga.

Majina ya sauti sikuyajua na mpaka leo siyajui. Gitaa la besi lina nyuzi nne. Mimi mwanzoni nilipiga mmoja tu, ule mnene, nikipanda na kushuka kwa kidole kimoja kama navuta kijiti cha sanduku. Kopo alicheka hadi akashika ubavu. "Yakhe," akaniuliza, "hizo tatu umeekewa amana?" Nikamwacha acheke. Besi zangu zote zina ule mteremko, sauti moja ikiteleza ndani ya nyingine, na wapigaji wa siku hizi wenye nyuzi tano na sita wanautafuta na hawaupati, kwa sababu walianza na vingi. Nilitunga kwa mdomo. Natoka nyumbani Ng'ambo kwa miguu, navuka Darajani katikati ya wauza vitambaa, huku nasema dum, dum-du, dumm, watu wananipisha wakidhani nimepandwa na kitu. Nikifika ghorofani naitafuta kwenye uzi mpaka naipata.

Besi ya kwanza niliyoupa "Mlango wa Uani" ilijaa kama gunia la karafuu lililoshindiliwa. Nilitaka kila mtu ajue nipo. Sele alisikiliza huku anamaliza pweza wake. Huyu mtu alikuwa na tabia ya kuja mazoezini na pweza wa kuchoma ndani ya mkate wa boflo, na akimaliza hulamba vidole kimoja kimoja, gumba mwisho, kwa sauti ya kukusikilizisha. Kisha, bila ya kufuta, akaja akaweka kidole kile chenye mate juu ya uzi wangu, uzi ukanyamaza. "Hii toa," akasema. Nikapiga tena tangu mwanzo. Kidole tena. "Na hii toa." Tukaenda hivyo mpaka alaasiri, nikamwambia bwana, mbona unanichambua kama mchele. Akanijibu bila ya kuniangalia: "Sikuchambui. Nakuchagulia."

Nikafuta uzi kwa shati na kutoa alizosema, nikapiga zilizobaki. Wallahi nilichukia mate yake kuliko maneno yake. Zilizobaki ndizo mnazozijua: dum, kimya, kisha ule mteremko, kisha kimya kirefu ambacho watu hupandisha mabega wakikingoja kiishe. Kuna mtu aliwahi kuniambia kwamba kimya kile ni cha Sele. Nikamuuliza, ulimwona Sele ameshika gitaa la besi? Aliyenyamaza ni mimi. Besi nyingine nne nikazitunga mwaka ule, kila moja na kidole chake cha mate, na hakuna hata moja iliyochakaa mpaka leo.

Tulipokuwa na nyimbo tano, Sele akatupatia hoteli. Ni hoteli ya Mji Mkongwe, jina silitaji, waliokuwa nayo washahama na chumvi ishakula hata kibao cha mlangoni. Tulipiga Jumapili mchana, barazani, wageni wakila. Kilichonivuta mimi ilikuwa spika ya besi. Yetu ya Malindi ilikuwa redio iliyofumuliwa, ikikoroma kama mgonjwa wa pumu. Ya hoteli ilikuwa na kimo cha mtu aliyechutama, na siku ya kwanza nilipogusa uzi vijiko vililia mezani. Nilijisikia kwenye meno yangu mwenyewe. Mgeni mmoja mnene, kifua wazi, amekaa kula na nguo ya kuogea, aliinua uso akanitazama, kisha akarudi kunyonya kichwa cha kamba. Nilichukia pale pia, lakini nilijiambia vijiko vimelia.

Kuingia na kutoka tulitumia mlango wa jikoni. Ule wa mbele ulikuwa wa wageni. Wageni wakishaondoka tulikaa uani, baina ya karo la kuoshea vyombo na mapipa, tukaletewa hotpoti kubwa ya kifuniko cha buluu. Sele alinipa mimi kwanza, kwa mkono wake, sahani yangu peke yake iliyokwisha kupakuliwa, kisha wengine wakajipakulia. Nikaona hiyo ni heshima ya besi. Na chakula, lazima niseme, kilikuwa kizuri: wali wa zafarani, nguru wa ndimu, kamba, mishkaki iliyokwisha kutolewa kwenye vijiti. Tukishiba, kinachobaki kwenye hotpoti nilifungasha mwenyewe katika kopo la aiskrimu nikampelekea mama. Nilikuwa nikiingia mtaani nimelishika kopo lile mbele, lionekane. Kwenye baraza ya jirani nilikaa nikawahadithia watu kuwa sisi kule tunakula wanachokula Wazungu. Walinisikiliza kwa adabu.

Jumapili moja uzi wangu mnene ulikatika katikati ya wimbo. Uzi wa besi hukatika mara chache, lakini mimi nilikuwa naufanyisha kazi ya nyuzi zote. Wa akiba ulikuwa mfukoni mwa koti langu uani, nikapita jikoni mbio. Karoni alikuwepo Bi Mwanaidi, mama wa makamo aliyeosha vyombo pale, na sahani za wageni zimerundikwa mbele yake. Alikuwa akizikwangua. Mifupa na maganda yanakwenda kwenye ndoo. Wali anaukusanya kwa kijiko upande. Akachukua kamba mmoja aliyeliwa nusu, mahali alipoumwa pana rangi nyekundu ya midomo ya mwanamke. Akakata pale kwa kisu, kipande chenye rangi akakitia kwenye ndoo, na kilichobaki akakitumbukiza katika hotpoti ya kifuniko cha buluu.

Nikamuuliza, Bi, hicho cha nani. Aliniangalia kama mtu aliyeulizwa jina la mtaa wake.

"Chenu," akasema. "Cha wanamuziki."

Nilitapika kwenye mfereji, hapo hapo, na yeye akanimwagia maji ya kunawa, kama mtu mwema alivyo. Uzi nikautia, nikarudi barazani, nikamaliza. Siku ile nilikuwa bado mtu wa kumaliza kazi. Niliwaangalia wale watu wanavyotafuna, wanavyouma na kuacha, wanavyouma na kuacha, meno yao, mashavu yao yaliyopakwa mafuta ya jua, na kila aliyeacha kitu kwenye sahani nilijiona nakitafuna mimi. Makombo kwetu hupewa paka. Masikini akikugongea mlango saa ya kula unamkatia kwenye chungu, humpi ulichokwisha kukiuma. Hilo hafundishwi mtu skuli.

Tulipokaa uani, Sele akaninyooshea sahani yangu. Nikaiweka chini. Nikamuuliza mbele ya wote kama alikuwa anajua.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza. Kula, Makame. Wali haukuumwa na mtu."

Kopo alikuwa anatafuna, wala hakusita. "Mie nshakula vibaya kuliko hivi," akasema. "Hata ubwabwa wa harusi ukifika kwetu sie wapiga ngoma, ushapita mikono mingapi?" Mpiga kinanda akainamia sahani yake. Walijua wote. Wiki zote zile nilivyokuwa nasifu kamba, wao walinyamaza na kutazamana. Nikawaambia nakwenda kwa mwenye hoteli. Hapo Sele akasimama, akanishika mkono, na mkono wake ulikuwa na mchuzi. Akanieleza taratibu, kama anamwambia mtoto: Jumapili ijayo anakuja mtu kutoka Dar na mitambo yake ya kurekodi. Atarekodi hapa hapa barazani, kwa spika ya hapa. Tukigombana leo, tunarudi Malindi, na "Mlango wa Uani" utatoka na besi ya redio mbovu, au usitoke kabisa. "Wiki moja tu," akasema. "Besi yako itabaki duniani. Wiki moja tuvumilie." Nilikuwa naangalia alama ya mchuzi aliyoniachia kwenye mkono.

Nyumbani nilimkuta mama juu ya mbuzi anakuna nazi. Chumba chetu kilikuwa kimoja, kimekatwa kwa pazia la kanga kuukuu. Nikakaa chini mbele yake mikono mitupu, akaniuliza leo kopo liko wapi. Nikamwambia yote, nimeinamisha kichwa, nikamwomba anisamehe kwa nilichomlisha. Mama aliendelea kukuna. Alipomaliza kifuu akakipiga ukingoni, akasema: "Mie sijala hata siku moja. Nyama ikiumwa si inajulikana? Paka wa mtaa mzima hujaona walivyonenepa?"

Nikamuuliza kwa nini asinambie.

"Ulikuwa ukiingia unaimba," akasema. "Lile dum-dum lako. Ningekwambia vipi?"

Mpaka leo, nikila kitu kizuri, maneno hayo hunirudia kooni. Mtaa nao ulikuwa unajua. Mama hakusema, lakini paka walikuwa wanalishwa mlangoni, mchana kweupe, na kamba. Wale walionisikiliza kwa adabu barazani walijua ninachokisifu. Mtu mmoja tu katika Unguja alikuwa hajui, naye ndiye aliyekuwa anapiga kelele kuliko wote.

Jumapili ya kurekodi nilikwenda. Wengi hudhani sikwenda. Nilivaa shati langu jeupe, nikaingia, nikakaza nyuzi. Yule mtu wa Dar alikuwa amepanga waya zake, akaniomba nipige peke yangu, nikapiga, akafumba macho akatikisa kichwa, akasema besi hii nani katunga. Nikamwambia. Tukaanza "Mlango wa Uani". Sijawahi kupiga vile na sidhani kuna aliyewahi. Wanandoa wawili wazee wa kizungu waliacha kula wakainuka kucheza. Sele akaingia ubeti wa pili, na hapo, nyuma ya meza ya kwanza, nikaona mhudumu anaondoa sahani: mguu wa kuku umeumwa mara moja. Anaibeba kwa uangalifu, isimwagike, anaelekea jikoni. Kikafika kile kimya kirefu. Nikanyamaza kama besi inavyotaka, na kilipotimia sikurudi.

Kopo aliyumba kama mtu aliyekosa ngazi. Wale wazee wakasimama, wakatazamana miguu. Wageni waliinua nyuso, baraza zima, hawajui ni kitu gani kimeondoka. Kisha wakarudi kwenye sahani zao. Sele hakuacha kuimba. Alinitazama, na akaanza kupiga mguu chini, kisigino juu ya mbao, pale pale penye dum zangu, bila ya kukosea hata moja. Nikachomoa waya. Gitaa nikaliegemeza kwenye kiti, lilikuwa la kwake, nikatoka kwa mlango wa mbele, katikati ya meza zao. Wimbo ulikuja kurekodiwa baadaye na kijana mwingine, na alipiga besi yangu kama ilivyo, mteremko na kimya chake. Mimi nilikuwa nishapata kibarua cha kusukuma mabomba kwa mchimba visima. Mengine mnayajua, mnayanywa. Na Sele hatukusemezana tena.

Basi kwenye khitma, kisomo kilipokwisha na masinia yakaanza kuingia, nikainuka kutafuta viatu. Mtu akanishika kanzu. Alikuwa Kopo, ana ndevu nyeupe na tumbo kama ngoma yake. "Kaa," akasema. "Leo kaa." Nikakaa kwa kuwa kanzu ingechanika. Tukawa wanne kwenye sinia, na Kopo, huku anachanganya pilau na kachumbari kwa vidole, akazungumza kwa sauti ya chini, kana kwamba anaendeleza jambo tuliloliacha jana.

Akasema Sele kila Jumapili, wageni wakianza kuondoka na mimi bado nakunja waya, alikwenda kwa Bi Mwanaidi, anakunja mikono ya shati, anachakura yale masahani makubwa ya kupakulia kabla hayajamwagwa, anatafuta ambavyo havijaguswa na mtu. Anavifunika kwa bakuli, anaweka upande. Hiyo ndiyo iliyokuwa sahani yangu.

"Vilivyoumwa tulikula sie," Kopo akasema. "Yeye wa mwanzo."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema Sele alisema huyu akijua ataondoka, na besi ataondoka nayo. Akatafuna kidogo. "Na kweli uliondoka."

Nilitaka kukasirika, na nilikasirika. Alinilinda au alilinda besi yake? Mtu gani huyo anayekula mate ya wageni ili mwenziwe asiyale, na asiseme? Na kopo la aiskrimu je? Sahani yangu ilikuwa safi; la mama nilijaza mimi, kwa mkono wangu, kutoka ndani ya hotpoti. Hilo Sele hakuliona, au aliliona. Wa kumuuliza alikuwa ndiyo kwanza kasomewa. Nikamtazama Kopo, wali umemganda kwenye ndevu, kinyaa kikanipanda vile vile kama kawaida yake, hakikupungua hata chembe.

Kopo akamega nyama, akaisogeza upande wangu wa sinia, kama ilivyo ada kumsogezea mwenzio. Nikaigeuza, kama ninavyogeuza kila kitu tangu mwaka ule. Haikuwa na alama. Nikaila. Ilikuwa imeshapoa, ina mafuta yaliyoganda, na kila nilipotafuna nilitaka kuitema, nami nikaitafuna mpaka ikaisha.

Akasogeza ya pili. Nikaweka juu yake kidole changu, kina mafuta, sikukifuta.

"Hii toa," nikamwambia.

Kopo alikitazama kile kidole kwa muda, kisha akaisogeza kwa mwengine.